Alama Nyekundu ya Bwawa la Tope

Ndani ya basi, mshona nguo alikuwa amefumba macho, lakini masikio yake hayakulala. Kwenye kiti cha mbele yake, mama muuza mboga alikuwa amembana mlinzi wa bwawa la mgodi, lile la kutunzia tope la sumu linalobaki dhahabu ikishatolewa.

"Kaka, mchicha wangu umeungua kama uliomwagiwa maji ya moto. Bwawa lenu limejaa mpaka linamwagika!"

"Halijajaa, dada. Kuna nguzo ya kupimia, na tope bado halijafika alama nyekundu."

"Mwaka jana alama ilikuwa kiunoni mwa nguzo, leo iko shingoni. Nguzo imekua?"

Mlinzi akakohoa. "Alama ilipandishwa kidogo. Wakubwa waliamuru."

"Na ukuta mliupandisha?"

Mshona nguo akafumbua jicho moja. Yeye akidanganya kipimo, suruali humbana mtu mmoja tu.

"Sasa mimi nifanyeje, dada? Nina watoto."

"Na sisi wa bondeni tumezaa mawe?"

Basi likasimama kwenye njia panda ya mgodi. Mlinzi akainuka haraka, akatoa kitu chini ya kiti na kukifunika kwa koti. Hakikufunikika: lilikuwa kopo la rangi nyekundu, jipya, na brashi yake.

Mama akalitazama.

"Haya, nenda kazini. Ila ukimaliza huko, kaka, njoo utupakie alama na kwenye milango yetu, tujue tope litatufika wapi."