Mama Dodoso na Swali Alilokatazwa Kuuliza

Ndugu, majirani na marafiki, mliojaa uwanja huu mpaka wengine mmekaa juu ya ukuta wa jirani, familia imempa mdogo wa marehemu kazi ya kusoma maisha ya dada yake, naye ameagizwa asome taratibu, asiruke kitu, wala asiwakataze kucheka, kwa sababu mwenyewe alicheka sana.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mama Dodoso, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa kwanza wa karani wa mizigo na mshona mashuka wa hospitali, na tangu alipojua kusema alikuwa mtu wa kuuliza, hata mama yake akawa anamtuma duka la mbali ili apumzishe masikio.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kuanzia Januari 1964 hadi 1970, sekondari ya wasichana hadi Novemba 1974, kisha akasomea takwimu na kupata cheti Juni 1977, na Januari iliyofuata akaajiriwa kuwa karani katika ofisi ya utafiti, ghorofa ya pili, chumba chenye madirisha yasiyofunguka na feni iliyozunguka ilipojisikia.

Mwaka 1984 ofisi ilianzisha utafiti wa familia, ambamo watu walewale wa nyumba zilezile walirudiwa kila baada ya miaka mitatu, wakaulizwa nani ameoa, nani ameachana, nani amehama, watoto wanawatembelea wazazi mara ngapi, na mtu ana furaha kiasi gani katika ndoa yake, akitaja namba kuanzia sifuri hadi kumi. Marehemu alikuwa miongoni mwa wadadisi wa kwanza, waliopita nyumba kwa nyumba na dodoso la maswali, na kazi aliiweza, kwa kuwa hakushangaa la mtu, aliyeoa mara ya nne alimwandika kwa mwandiko uleule wa aliyeoa mara moja, na wenzake walipotaka kujua anamwonaje fulani, aliwajibu, "Mimi nakaa naye saa moja tu, saa nyingine zote anazijua mwenyewe." Kanuni za kazi zilikuwa mbili, naye alizifundisha kwa kila mdadisi mpya: anayehojiwa awe peke yake chumbani, na jibu lake lisimfikie mtu mwingine, hata kama mtu huyo analala naye kitanda kimoja.

Katika nyumba alizopangiwa ilikuwemo ya fundi redio mmoja aliyeishi na mama yake, sebule yenye redio nyingi na hakuna hata moja iliyofunikwa mgongo, na mwaka 1990, alipomfikia kwa mara ya tatu, alimwuliza kama kawaida, akipata shida mtu wa kwanza kumweleza ni nani, na majibu ya kuchagua yalikuwa mzazi, ndugu, rafiki au jirani.

"Wewe," alisema fundi.

"Mimi simo humu."

"Basi najitoa kwenye utafiti wenu, nije kwenu kama mtu wa kawaida."

Hapo marehemu akakasirika kweli, akamwambia, "Ukijitoa nitakuwa nimepata mchumba na kupoteza kaya siku moja. Wewe baki humohumo, nitatoka mimi." Akaenda kwa msimamizi na kueleza yote, msimamizi akavua miwani, akaifuta, akampa mtaa mwingine, na nyumba ya fundi akakabidhiwa mwenzake aliyeitwa Kimya, mtu ambaye siri ikiingia kwake imefika mwisho wa safari. Mama mkwe naye, aliyekuwa jikoni na masikio yake yote, alimwambia mwanawe, "Binti huyu amekuuliza kuliko hakimu, mwoe upate kupumzika."

Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1991, wakajaliwa binti tarehe 3 Mei 1993 na mvulana tarehe 20 Oktoba 1996, na binti huyo, alipoulizwa shuleni mama yake anafanya kazi gani, alisema mama anazunguka kuuliza watu kama wanapendana.

Lakini utafiti haukumwacha fundi, na kila Kimya alipofika sebuleni, marehemu alichukua beseni lake la nguo akahamia uani kwa jirani, fundi cherehani, ambaye hakuacha kumtania.

"Leo umefukuzwa tena, shoga?"

"Nimefukuzwa na kanuni niliyoifundisha mwenyewe."

Maswali aliyajua kwa mpangilio, kwa hiyo alikaa pale akikamua nguo na kusema, "Sasa wako kwenye afya," halafu, "Sasa wazazi," na alipoacha kusema kabisa, jirani alijua wamefika kwenye ndoa. Halikuwa jambo dogo kwake, kwa maana aliwahi kuwahoji wanaume walioitwa waume wema, wakataja tatu, na wake zao chumba cha pili wakataja tisa, naye akatoka na majibu yote mawili katika mkoba mmoja bila kusema neno, hivyo alijua kwamba hata nyumbani kwake inawezekana.

"Niulize basi," mumewe alimwambia mara nyingi.

"Nikikuuliza mimi, utamjibu mkeo. Mimi nataka ulivyomjibu Kimya."

"Basi muulize Kimya."

"Akinijibu nitamripoti."

Alistaafu tarehe 9 Machi 2017, akalea wajukuu, na Septemba 2022 akaanza kuumwa moyo, akalazwa, akaruhusiwa, na kitanda chake kikawekwa sebuleni karibu na dirisha, kwani ngazi hakuziweza tena. Kimya alifika Mei 2023, mvi kichwa kizima, akamhoji kwanza mgonjwa wakati fundi amepelekwa uani kwa jirani, kisha ikawa zamu ya fundi, na kitanda hakikuwa na pa kwenda.

"Dada, kanuni inataka utoke," alisema Kimya.

"Nibebe basi. Au andika kwamba mwenzi alikuwepo, mimi nageukia ukutani."

Akageuka, maswali yakaenda, afya, wazazi, na lilipofika lile, fundi akasema, "Nane."

"Nane?" ukuta ukasikika ukiuliza. "Mbili zimekwenda wapi?"

"Dada, anayehojiwa hasumbuliwi."

"Nimesema nane miaka yote," fundi alisema, "na mbili ni za siku ulizokaa sebule za watu ukiuliza ndoa zao, mimi nakula peke yangu."

Binti yake alikuja mbio na dawa, akidhani pumzi imembana, akamkuta mama amefunika uso kwa mto, anacheka. Tangu siku hiyo marehemu alijitambulisha kwa kila aliyekuja kumwona, "Mimi ni nane, jamani," akaeleza kwamba kumi hakuwahi kuiamini, kumi hutajwa na mtu anayetaka mdadisi aondoke.

Alifariki tarehe 2 Agosti 2023, saa nne asubuhi, hospitalini, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, ambao walihojiwa na mgonjwa wao kila asubuhi, jirani fundi cherehani kwa kutupokea uani kwake, na wafanyakazi wote wa ofisi ya utafiti. Kimya tunamshukuru kipekee, yuko hapa, naye ndiye pekee anayeijua namba aliyoitaja marehemu wakati fundi yuko nje. Fundi amesema hataki kuambiwa, amesema alirudi ndani akamkuta mkewe anatabasamu, naye hana swali. Ila tumewaona baadhi yenu mkimsogelea Kimya kule viti vya nyuma, tunaomba mumwache mzee wa watu akae, hatasema.

Dada, uliwasikiliza wengi na hukumhukumu hata mmoja, pumzika kwa amani, na hao uliowafuata kila walikohamia wamekuja leo wenyewe.