Njiti ya Kiberiti na Tairi la Mbele

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matairi mawili kuukuu, ubavuni mwa banda la fundi pancha, na birika la kahawa haliondoki jikoni mpaka liishe. Mimi huwa napita tu, shikamooni, marahaba, basi. Siku hiyo nilikaa. Nilikaa kwa sababu mume wangu yuko njiani mwezi wa tatu na gari la mizigo la tajiri wake, na siku aliyoondoka alichomeka njiti ya kiberiti kwenye mfereji wa tairi la mbele, akaikata pale mfereji ulipoishia, akanipa kile kipande. "Tairi langu lina kina hiki. Nikirudi tutapima tena." Nimekitunza ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto. Asubuhi nilikitoa, nikaona ni kifupi mno, nikabeba mtoto, nikatoka hata kanga sijaifunga vizuri.

— Shemeji! Umekuja kunywa kahawa au kutukagua?

Huyo ni Upepo, fundi pancha mwenyewe.

— Nataka kujua, tairi likiisha haraka huwa ni kwa sababu gani?

Wanaume watatu wa kijiweni wakatazamana kama watu walioletewa zawadi.

— Upepo, akasema Upepo. Ukipungua, tairi linaliwa kingo zote mbili. Ukizidi, linatoa kitambi, linaliwa katikati.

— Wewe hata ndoa ikivunjika utasema upepo.

Huyo sasa ni Kilomita, dereva mstaafu, anayejua umbali wa kila kitu mpaka wa kitanda chake na choo.

— Ni mzigo na joto, akaendelea. Lami ya saa saba mchana, gari limejaa saruji, tairi linalainika kama mshumaa. Mumeo alibeba nini, binti?

— Magodoro. Kurudi sijui.

— Magodoro! Basi tairi limelala usingizi tu.

— Mnadanganyana, akasema Soli, fundi viatu, sindano mdomoni. Mimi nimeshona miaka ishirini. Kiatu cha mtu wa hasira huisha kisigino. Cha mmbea huisha upande mmoja, maana anatembea kageuza shingo. Tairi nalo linafuata moyo wa dereva.

— Likiisha upande mmoja ni magurudumu hayajanyooshwa, bwana! akadakia Upepo. Moyo unatoka wapi?

— Na aliyeacha kuyanyoosha ni nani? Si mwenye moyo?

Nilidhani Kilomita atacheka. Akaweka kikombe chini.

— Soli leo kapatia kwa bahati mbaya. Dereva wa kwenda na wa kurudi si mtu mmoja. Wa kwenda anabembeleza gari. Wa kurudi ana hamu. Anakanyaga mafuta, kona hiyo, anafunga breki, anakanyaga tena. Matairi yangu yote yaliishia njia ya kurudi. Hasa mke akishapiga simu.

— Akipiga akasema nini? nikauliza.

— Akisema wahi.

Nami jana nilimpigia, nikayamwaga yote kwa pumzi moja, mtoto anatambaa, kavuka chumba kizima akifuata ndala zako, wahi, wahi kabla hajatembea. Akacheka, akasema ataondoka alfajiri, safari ya siku mbili ataifanya moja.

Nikaweka kile kipande cha njiti juu ya ubao. Wakainama wote watatu.

— Alikipima lini?

— Siku aliyoondoka, mwezi wa tatu sasa. Kina kimebaki kiasi gani?

Upepo akaitazama pampu yake. Soli akatoa sindano mdomoni, akairudisha. Kilomita akachukua birika aninyweshe angalau kahawa, likatoa matone mawili.

Nikapiga simu.

— Mama mtoto! Jioni niko hapo!

— Simamisha gari kwanza. Simamisha.

Mngurumo ukafa.

— Nimesimama. Kuna nini?

— Jana nilikudanganya. Mtoto hatambai. Alijisukuma kidogo, akaanguka kifudifudi, nikashangilia tu. Hujakosa kitu. Tafuta fundi akuangalizie matairi, ulale huko huko, uje kesho, polepole.

Nilimtaka hapo hapo, na jasho lake, na vumbi lake.

— Kweli hatambai?

— Kweli. Anakusubiri wewe.

Mtoto alikuwa ameshateleza mapajani, amepita chini ya ubao, katikati ya miguu ya wanaume, anakwenda mbio kwenye rundo la matairi. Soli akainuka, akambeba taratibu asilie simuni, akamrudisha pale alipoanzia.