Vidonge vya Usingizi vya Mama

Wapendwa, nimesimama kwa sababu mama yangu bado anatembea kwa miguu yake. Mwaka jana nusura nimzike, na dawa iliyokuwa ikimmaliza nilimpa mimi, kwa mapenzi kabisa.

Mnanijua, situlii. Nimepika kwenye kambi za watalii toka Kakesio hadi ng'ambo ya Digodigo, na kila nilikolala niliukumbuka ukungu wa kwetu na moshi wa jiko la mama. Nikarudi. Nikamkuta hapati usingizi. Usiku kucha mlango unalia, anatoka, anarudi. Mchana anasinzia juu ya ungo wa maharage.

Nikaenda duka la dawa mjini Karatu. Nikaeleza shida, nikapewa vidonge bila kuulizwa hata umri wake. Ndugu zangu, nawaambia, jioni ile alilala kama jiwe. Nikasema, Mungu ni mwema.

Baada ya wiki kadhaa akaanza kuniita kwa jina la marehemu baba. Akatia chumvi ya ng'ombe kwenye chai. Akitembea, anashika ukuta. Jirani akaniambia, "Ni uzee, mwanangu. Zoea." Nami nikazoea! Kidonge kimoja kilipoonekana hakitoshi, nikaongeza nusu.

Asubuhi moja nikakuta kitanda kitupu. Nje ukungu umeshuka toka msituni, hata zizi silioni. Na wiki ile nyati walikuwa wanaingia kwenye mahindi yetu. Nikaita. Kimya. Nikasikia mabua yanavunjika, kitu kizito kinapita karibu, nikaganda. Kilipopita, ikatoka sauti mferejini: "Nani amezima taa?" Alikuwa mama, mguu umejikunja chini yake, hajui yuko wapi.

Kwenye kituo cha afya walisema mguu haujavunjika. Muuguzi akainua pakiti ya vidonge niliyokuja nayo.

"Kaka, hizi aliandikiwa na nani?"

"Nilinunua tu, dada. Alikuwa hapati usingizi kabisa."

"Wapo wazee wanaoandikiwa, kwa muda mfupi, wakiangaliwa. Usiku analala, sawa. Lakini asubuhi dawa bado imo mwilini. Anayumba, anasahau, anaanguka. Nyonga ikivunjika umri huu, wengine hawainuki tena. Usingizi huo una thamani hiyo?"

Kisha muuguzi akamgeukia mama. "Bibi, usiku unaamshwa na nini?"

"Mkojo, mjukuu wangu. Huyu hajawahi kuniuliza."

Kumbe dawa yake ya presha, ile ya kutoa maji mwilini, alikuwa anaimeza baada ya ugali wa jioni. Daktari akaihamishia asubuhi. Vile vya usingizi hakuvikatisha ghafla, maana hiyo nayo ni hatari. Alivipunguza kidogo kidogo. Zilikuwa wiki mbaya. Mama alitetemeka, akanitukana kwa Kiiraqw matusi ambayo sikujua anayajua. Halafu akili ikarudi. Bado anaamka mara moja usiku, kisha analala tena.

Namshukuru muuguzi yule, na daktari, nanyi akina mama wa jumuiya mliokaa naye kwa zamu. Mzee wako akikosa usingizi, muulize kwanza kinachomwamsha, kisha mpeleke akapimwe. Na kama tayari anameza vidonge vya usingizi, usimkatishe ghafla. Nenda naye, na pakiti mkononi.

Nikitazama humu ndani naona wazee watatu wamesinzia, na ibada haijafika nusu. Labda ni uchovu wa shamba. Labda.