Tangi Tulilofungua kwenye Njia ya Sikonge

Wazee, shikamooni. Na ninyi vijana mliokaa kule nyuma, habari zenu. Mwenyekiti amesema kila mgeni anayetaka kubaki katika kijiji hiki asimame aeleze alikotoka. Mimi nimetoka sehemu nyingi, kwa hiyo nitachagua moja, ile iliyonikunja vidole hivi mnavyoviona. Majina sitayataja. Mmoja ni marehemu, na mwingine hapendi kusemwa.

Nilizaliwa upande wa Puge. Shule niliiacha darasa la tatu kwa sababu dirisha letu lilitazama barabara. Malori yalipita, nami nikawa najiuliza yanakwenda wapi. Asubuhi moja nilitoka nyumbani kama mtu anayekwenda kukata kuni, nikaipita miti yote ninayoijua, nikaendelea. Sikuwa na mpango. Nilikuwa na kiazi mfukoni. Jioni ilinikuta juu ya magunia ya pamba, nikielekea Tabora mjini.

Huko nilijifunza injini kwa Mhindi mmoja mwenye gereji nyuma ya maduka. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyuma, lakini kila chuma niliuliza kinafanya nini, mpaka akasema, "Mdomo wako ungekuwa spana, kijana, ungekuwa fundi mkubwa." Hata hivyo alinifundisha. Baadaye nikahamahama: Urambo, Nzega, kisha Sikonge, ambako chama kimoja cha warina asali kilinipa pikipiki niwe naendesha kati ya kambi za porini na ghala.

Ndugu zangu, nawaambia, sijawahi kupenda kazi kama ile. Njia ile ya wapagazi wa zamani, miyombo pande zote, kila siku kambi mpya. Nyuma yangu nilimbeba mrina asali mmoja, mtu mzima kunizidi, mpole, mzito wa kusema. Warina asali wana desturi yao: mbele ya nyuki hawasemi. Wanasema nyuki husikia pumzi ya mtu mwenye maneno. Ukimwona amenyamaza ghafla, ujue amewaona.

Siku hiyo ilikuwa mchana, jua kali. Mizigo ilizidi, tukaweka debe moja la asali mbele yangu, juu ya tangi la petroli. Kifuniko kikalegea. Asali ikachuruzika chini ya tangi mpaka kwenye injini, ikakusanya vumbi na makapi ya nyasi, ikaungua ikawa kama tofali. Sasa, wale wasiojua: injini ya pikipiki haina maji ya kuipoza. Imezungukwa na vyuma vyembamba kama kurasa za kitabu, upepo unapita katikati yake na kuondoa joto. Zikizibwa nafasi zile, injini inajipika yenyewe. Yetu ilianza kugonga, ikapoteza nguvu, ikazima.

Huwezi kufikia vyuma vya juu bila kuondoa tangi. Nikafunga koki, nikachomoa mpira wa mafuta, nikang'oa siti, nikafungua bolti ya nyuma, nikalivuta tangi, nikaliweka chini karibu yangu. Koki ilikuwa kuukuu, ikawa inadondosha. Niliona. Nikajiambia, hapa porini hakuna jiko. Nikainama na kijiti changu, nakwangua asali iliyoungua.

Harufu ile ikaita nyuki. Wa kwanza alipotua shingoni mwangu nilimpangusa tu. Mwenzangu yeye aliona zaidi. Akanyamaza, akaingia kichakani, akafunga kienge cha nyasi na magome, akakiwasha. Moshi hufukuza nyuki, na kule nyasi zikiwa mbichi hazitoi mwali, ni moshi mtupu. Alikuja nyuma yangu taratibu, kimya, kama alivyofundishwa na baba yake, ili nisiumwe. Nilisikia harufu ya moshi nikadhani watu wanachoma pori mbali.

Nawaombeni mnisamehe, hapa huwa sielezi mengi. Petroli haingoji mwali; cheche ya kienge ilitosha, moto ukatushika sote. Nilimzima kwa mikono hii, kwa mchanga, kwa shati langu. Wakulima wa tumbaku waliokuwa na baiskeli walitusukuma mpaka tulipopata lori. Katika hospitali ya misheni walitulaza chumba kimoja. Yeye hakutoka.

Mimi nilitoka na vidole vimekunjamana kama mguu wa kuku aliyekufa. Nilirudi gerejini. Mhindi wangu aliniangalia mikono, akageuka kando kwanza, kisha akasema, "Kunywa chai. Kula. Lakini spana, mwanangu, hapana." Nilikunywa ile chai nikishika kikombe kwa viganja viwili, watu wa dukani wakitazama pembeni. Kuanzia hapo nikawa wa kulala barazani kwa watu. Mtu akiwasha kiberiti, naondoka. Nikaanza kupenda kukaa karibu sana na reli, hasa treni inapokuja. Wakubwa mnanielewa, na wadogo msinielewe.

Ndipo siku moja sokoni mwanamke akasimama mbele yangu na mzigo kichwani. Mjane wa yule mrina asali. Tulikuwa tumeonana mara moja tu, hospitalini.

"Wewe ndiye uliyekuwa naye," akasema.

"Ndimi, dada. Pole."

"Pole nimepewa nyingi. Alisema nini, mwisho?"

"Hakusema kitu. Alikuja nyuma yangu kimya."

Alitua mzigo wake. "Kwa sababu ya nyuki."

"Kwa sababu ya nyuki."

"Hata nyumbani alikuwa hasemi," akasema. "Miaka yote hiyo, ungedhani mimi nami nauma." Tulicheka, ndugu zangu. Tulicheka vibaya, watu wakageuka, kisha akajifuta uso kwa khanga. "Ningekuwa nimekwambia wewe ndiye uliyemuua, ungesemaje?"

"Ningesema nilimwona anaondoka, sikumwuliza anakwenda kufanya nini."

"Na yeye hakukuuliza kile chuma kina nini ndani. Haya. Mimi nina masega ya nta hayajakamuliwa, na aliyekuwa akiyakamua hayupo. Sikuiti kwa huruma. Nyanyuka."

Nililala kwa kaka yake. Kila asubuhi mjane huyo alichemsha masega, akayamimina kwenye kitambaa, akayaacha yapoe kidogo, kisha mimi niyakamue. Siku za kwanza nilishindwa hata kusogelea jiko. Akanikalisha mlangoni, kila siku akasogeza kigoda ndani kidogo, bila kusema neno juu yake. Nta ya moto inauma kwenye kovu. Nililia kama mtoto. "Lia," akasema, "lakini kamua." Na nta ile, wenzangu, ikalainisha ngozi. Kidole cha shahada kikanyooka. Kisha gumba. Hivi viwili vya mwisho vilikataa, navyo nimeviacha na ukaidi wao.

Ilipokwisha nta nikaaga. "Unakwenda wapi?" akauliza kaka yake. Sikujua. Mjane akasema, "Mwache, huyu ana miguu ya mpagazi."

Treni ikanishusha hapa Goweko, na mengine mliyaona. Mwenyekiti aliniuliza kama naijua pikipiki, kwa kuwa ile ya kijiji, inayoleta dawa za zahanati, inachemka na kuzima. Nilitazama chini ya tangi: matope ya masika yamekauka kati ya vyuma vyote. Nilitaka kusema siijui. Badala yake nikaomba mioto yote ya karibu izimwe, na akina mama mkanung'unika kwamba ugali uko nusu. Mlinicheka pia, kwa sababu nilitangaza kila kitu: nafunga koki, nachomoa mpira, nafungua bolti. Mzee mmoja akasema, "Huyu anatengeneza au anasalisha?" Kwenye bolti vidole viliteleza, na nikasimama pale muda mrefu. Ninyi mlidhani nimesahau. Mwisho nikasema kwa sauti kwamba sitaweza kulibeba tangi peke yangu, na watu wawili wakainuka. Tulilibeba hadi ng'ambo ya uwanja, nikarudi kukwangua matope. Ilipowaka, sikusikia furaha mliyosikia ninyi. Niliketi chini.

Nawashukuru wale wa baiskeli, wauguzi wa misheni, Mhindi wa chai, na mjane ambaye hapendi kusemwa. Neno langu ni dogo. Serikali imetuleta pamoja hapa, mkulima wa tumbaku, mfugaji, mrina asali, na mimi wa vyuma. Kila mmoja ana jambo analolifanya kimya kwa sababu baba yake alilifanya kimya. Mwulize mwenzako. Naye mwambie, hata kama hajauliza.

Jana usiku mama aliyenipa chumba aliniuliza mlangoni, "Mgeni, moshi unakusumbua?" Nikamwambia ndiyo, sana. Hakuuliza kwa nini. Alihamisha mafiga yake upande wa pili wa nyumba, upepo unakokwenda, nikalala mpaka asubuhi.