Wakipiga Klaxon ya Kuanza

Pale kona ya mafundi wa soudure, wachomelea vyuma, kati ya duka la matôle, yaani mabati, la Katsuva na kibanda cha mayunité ya simu, kuna banc moja ya mbao yenye miguu mitatu na jiwe. Jiwe ndilo mguu wa nne, na ni mwaminifu kuliko ile mitatu. Hapo ndipo Bunia inatawaliwa kila asubuhi, tangu Mama Léontine afungue thermos yake ya kahawa ya tangawizi mpaka thermos ikauke. Mwanzo wa banc anakaa Colonel, jina la ubatizo Adolphe, ambaye hajawahi kuvaa hata buti moja la jeshi. Alikuwa convoyeur, utingo wa malori njia ya Mambasa, njia ikafungwa, akabaki na sauti ya kuamuru tu. Katikati ni Monseigneur, yaani Jean-Pierre, muuza mayunité, anayebariki kila namba ya simu kabla ya kuitumia unité. Mwisho wa banc, juu ya jiwe, ni Fiacre, ambaye watu wanamuita Licencié, mwenye digrii. Électronique, Kisangani, diplôme ndani ya nailoni chini ya godoro, na kazi hakuna: mashirika ya ONG yanataka uzoefu, uzoefu unataka kazi, na kazi inataka mjomba. Ulimi wake ndio mashine yake pekee inayowaka kila siku bila courant ya umeme.

Asubuhi hiyo Licencié alikuja na kitu kinamchoma. Mudogo wake Lionel alikuwa anapanda avion kesho kwenda Kinshasa na équipe ya shule yao, kwenye championnat, yaani mashindano ya roboti ya wanafunzi. Ilikuwa mara yao ya kwanza, na Lionel ndiye dereva, mwenye kushika manette ya kuiongozea roboti. Jana jioni, huku anakunja shati, alimuuliza: “Yaya Fiacre, kule nitarajie nini?” Licencié alijibu kwamba atamwambia kesho, kana kwamba jibu lipo na ni usingizi tu unaolizuia. Ukweli ni kwamba, pamoja na électronique yote ile, roboti aliyowahi kuiona kwa macho ni moja: hiyo ya Lionel, iliyofungwa kwa mpira wa chambre à air ya baiskeli. Basi akaja kijiweni kuuliza bila kuonekana anauliza.

— Wazee, alianza, akipuliza kikombe. Équipe ya mara ya kwanza ku championnat, ijitayarishe na nini?

— Na barrière ya askari, alijibu Colonel bila kufikiri. Kila kitu mu inchi hii kinaanza na barrière. Ku aéroport watafungua carton, watakuta batterie, mawaya, moteur. Watasema: hii ni bombe. Mutoto atasema: hapana papa, ni roboti. Watasema: basi roboti ionyeshe carte d'électeur, kadi yake ya kura.

— Colonel, weye unawazaka barrière tu.

— Nimelala ku barrière kuliko ku kitanda ya bibi yangu. Siyo miye nawaza barrière. Barrière njo inaniwaza.

Monseigneur aliinua kidole.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone. Biblia inasema.

— Hiyo haiko mu Biblia, alisema Mama Léontine.

— Iko, mama, ukitafuta na imani. Maana yake: watoto yetu wataenda wageni, na wenyeji wa Kinshasa njo watapona. Siye tutarudi wagonjwa.

— Hapo umesema kweli bila kukusudia, alisema Licencié. Watoto ya kule wanafanyaka répétition ya mazoezi mu salle yenye baridi ya climatisation, courant usiku na mchana. Yetu wanachargia batterie ku panneau ya jua ya dispensaire. Mvua ikinyesha, roboti inalala njaa. Kisha jury, na cravate yake shingoni, atauliza: “Quel est l'impact communautaire de votre robot?” Yaani roboti yenu imesaidia jamii nini. Impact! Anauliza impact kwa mutu ya Ituri! Aje na mètre ruban, apime.

— Sasa unakasirikia nani, Licencié?

— Wote. Par ordre alphabétique, kuanzia A.

Walicheka, ila siyo sana. Mama Léontine aliongeza makaa.

— Na hiyo roboti inafanya kazi gani yenyewe?

— Inaokota mipira, inatia mu kapu. Mwanzo inatembea yenyewe, hakuna mutu kugusa. Kisha dereva anashika manette, anaiongoza mpaka mwisho.

Monseigneur alitua kikombe chini.

— Inatembea yenyewe? Hiyo nguvu inatoka wapi?

— Programme.

— Programme ni jina ya pepo gani? Ku Mongbwalu nilionaka moteur ya kutoa maji mu shimo ya dhahabu. Iliwaka yenyewe, hakuna mutu. Patron yake alikata mbuzi mbili.

— Ni mafuta, essence ilibaki mu tuyau, Monseigneur.

— Na pepo anakaaka wapi kama siyo mu tuyau? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Roboti haiko na guu. Iko na magurudumu.

— Basi itavunjika gurudumu.

Ndipo nyuma yao, kwa Katsuva, vijana waliokuwa wanashusha mzigo kwenye camionnette waliponyokwa na tôle moja. Ikapiga ciment kwa upana wake wote.

PAA!

Kufumba na kufumbua, banc ilikuwa tupu. Colonel alikuwa tumbo chini, mikono juu ya kisogo. Monseigneur alikuwa amekumbatia lile jiwe. Licencié alijikuta ndani ya caniveau, mfereji wa kando ya barabara, shavu kwenye matope, kikombe bado mkononi lakini kahawa haimo. Mama Léontine alikuwa nyuma ya mbabula yake ya makaa, na thermos imelala ubavu, inamwaga. Motard mmoja alikuwa chini ya pikipiki yake. Hata msichana wa uniforme ya shule bleu-blanc aliyesimama ng'ambo ya barabara alichuchumaa juu ya carton aliyobeba, kama kuku juu ya mayai.

Kisha motard aliinua pikipiki yake. Kisha Colonel akapiga chafya ya vumbi, akakaa kitako. Mmoja mmoja, wakarudi kwenye banc, wakajipangusa, na kicheko kikaanza upande wa Monseigneur.

— Colonel, leo umetushinda wote. Hata tôle ilikuwa bado hewani, weye ulishafika.

— Nilikuwa natafuta sandale yangu.

— Kwa tumbo?

— Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Mama Léontine alitikisa thermos karibu na sikio.

— Mumenywesha udongo. Imebaki kidogo sana, mugawane kama wakristo.

Kahawa ikipungua, maneno huongezeka. Ndiyo sheria ya banc ile. Colonel alisogeza kichwa, akashusha sauti kama anatoa siri ya état-major ya jeshi.

— Musikie sasa. Ile siyo mchezo ya watoto. Kule kunakuwa watu wanakaa nyuma, na miwani ya giza. Wanachagua mutoto mwenye mikono myepesi, wanamupeleka mbali kutengeneza drone. Mwenye kushinda haonekanaka tena.

— Ni afadhali washindwe basi, alisema Mama Léontine.

— Mwenye kushindwa naye, alisema Monseigneur, roboti yake inabaki kule. Wanaifunza kuchimba. Halafu wanaileta Mongbwalu. Haikulaka, haitakaka sigara, haiogopi shimo kubomoka. Vijana ya machimbo watakosa kazi, watachoma roboti. Roboti nazo zitajibu. Vita!

— Na roboti zitakimbia, alidakia Colonel. Zitakuja Bunia na magodoro ku kichwa.

— Zitakaa mu site ya déplacés, wakimbizi wa vita. Zitapewa bâche ya kujenga hema.

— Et enfin, alimaliza Licencié, licencié mumoja mu ville hii atapata kazi: animateur wa roboti zilizokimbia vita. Contrat ya miezi tatu, non renouvelable, haiongezwi.

Hapo walicheka kweli, mpaka jiwe likatikisika. Kicheko kilipotulia waliona yule msichana wa carton amesimama mbele yao. Inaonekana alikuwa amesimama hapo kitambo.

— Bonjour, wapapa. Nani hapa ni yaya ya Lionel?

— Inategemea Lionel amefanya nini, alijibu Licencié. Weye ni nani?

— Rébecca. Miye njo capitaine ya équipe yao.

— Capitaine! alinguruma Colonel. Simama wima mbele ya Colonel!

Rébecca hakucheka. Alitua carton chini taratibu; ndani yake roboti ilikuwa imelala, imevikwa kitenge.

— Nimeileta kwa Papa Katsuva, atashika na soudure waya moja ilikatika. Nilijua yaya anakaaka hapa.

— Umekuja vizuri, alisema Licencié, akiona mlango wa kuuliza. Wamewaambia mutarajie nini kule?

— Walitueleza ku téléphone. Kwanza wanapima roboti mu sanduku. Ikitokeza hata kidole, haichezi. Kisha wanakupatia wenzako wa kucheza nao, équipe hamujuani. Munasaidiana mechi moja. Mechi ya kufuata, wale wale wanaweza kuwa maadui yenu.

— Hiyo siyo ya kwenda kujifunza Kinshasa, alisema Colonel. Hiyo tunaijua.

Rébecca aliendelea.

— Kisha kuna kungoja. Wanasema kungoja njo kazi kubwa, na kurekebisha vitu vinavunjika. Na kuna klaxon, honi. Kubwa, ya salle nzima. Inalia, mechi inaanza.

Alitazama carton.

— Jana mchana encadreur, mwalimu wetu, alileta klaxon ya camion ili tuizoee. Alipopiga, roboti ilitoka vizuri. Ilitembea yenyewe, ikaokota mipira yote. Saa ya manette ilipofika, manette ilikuwa chini. Lionel pia alikuwa chini. Roboti ikaenda moja kwa moja mpaka ku ukuta, ikabaki inasukuma ukuta, inasukuma ukuta, mpaka batterie ikaisha.

Licencié alishika kikombe kitupu kwa mikono miwili.

— Mara moja tu?

— Kila mara tulipopiga.

— Ku nyumba hakusema kitu. Alikuwa anakunja shati.

— Alituomba tusiseme. Encadreur anataka tubadilishe dereva leo, mbele ya safari. Na Lionel anasema, akitolewa ku manette, yee hapandi avion. Ile roboti kila waya ni yee aliifunga.

— Écoute, Capitaine, alianza Licencié, na sauti ilitoka ya amphithéâtre ya chuo kikuu. C'est un réflexe conditionné, mwili unajiangusha wenyewe. Inaombaka désensibilisation progressive, munaanza na sauti ya chini, pole pole…

— Yaya, avion ni kesho asubuhi.

Sauti ya amphithéâtre ilikufa hapo hapo.

— Mumuzibe masikio, alisema Colonel.

— Tulitia pamba. Ile sauti inapita mu mifupa, papa.

— Mumupigie makelele mara mingi mingi, alisema Monseigneur, atazoea.

— Makelele ya bunduki hayakukosaka, papa. Hayakumuzoesha.

Monseigneur aliinua kidole cha methali.

— Sikukuja kuuliza ile, alisema Rébecca. Saa ile tôle ilianguka, miye nilikuwa pale ng'ambo, nilichuchumaa. Niliwaangalia. Mulilala wote, hata wazee. Kisha mukasimama, mukacheka, mukarudi ku kahawa. Hakuna mutu aliwaambia kitu. Mulijuaka namna gani kama sasa ni saa ya kusimama? Muniambie, niende kumuambia Lionel.

Colonel alitazama sandale zake, zote mbili miguuni. Monseigneur alianza kufuta kioo cha simu kwa kidole. Mama Léontine alisogeza mbabula mahali ambapo ilikuwa tayari.

Licencié alitafuta jibu kwa Kiswahili, akatafuta kwa Kifaransa, akatafuta kwa Lingala aliyozoea kutukania. Usiku wa mashambulizi kule kwao, upande wa Djugu, yeye alikuwa Kisangani anajitayarisha kwa examen. Mama na Lionel walilala ndani ya shamba la mihogo mpaka jua likatoka. Hadithi ya kukimbia aliisikia mara nyingi: nani alitangulia, nani alibeba sufuria. Lakini hajawahi kuuliza nani alisimama wa kwanza kule kwenye mihogo, na alisema nini.

Mama Léontine aligeuza thermos juu chini. Tone moja lilianguka ndani ya kikombe, la pili likakataa.

— Kahawa imeisha, alisema.

Kwa siku nyingine ndiyo ilikuwa alama ya kutawanyika. Leo hakuna aliyeinuka.

— Capitaine, alisema Licencié mwishowe, kwa Kiswahili kitupu. Usimutoe ku manette.

— Sitamutoa. Encadreur nitapigana naye. Lakini akianguka kule, mbele ya ile salle yote, nimuambie nini?

Alingoja. Alikuwa mtoto aliyefundishwa adabu. Aliwangoja wakubwa wajibu. Nyuma yao vijana wa Katsuva walishika tôle nyingine, wakaanza kuiinua kutoka kwenye camionnette, na banc nzima, na Capitaine mwenyewe juu ya carton yake, walikuwa wameshakunja magoti, tayari kulala chini.