Arvi Amesahau au Anajisahaulisha?

Benchi letu liko nyuma ya sauna ya Hilkka, hapa Kemi, uani, upande unaotazama bahari iliyoganda. Ni ubao mrefu juu ya magogo mawili, umeng'arishwa na makalio ya vizazi vitatu. Kila Jumamosi mchana tunatoka mvukeni na taulo zetu kiunoni na kofia za sufu kichwani, tunakaa hapo tupoe, na Hilkka anatumiminia kahawa. Siku ninayoisema ilikuwa ya mwezi Machi, jua limewaka vizuri, baridi nyuzi nane chini ya sifuri, yaani hali ya hewa ya kupendeza. Mtu akikuambia sisi Wafini hatuongei, usibishane naye, mlete hapa. Ukishatupasha moto na kututoa nje tunafunguka kidogo. Kuna wengine wanafunguka kupita kiasi, na hapo namsema Kauko, tunayemwita Profesa kwa sababu zamani aliwahi kutengeneza saa ya ukutani ya chuo fulani huko Oulu, na tangu siku hiyo hakuna asilolijua.

Mada ilikuwa filamu. Alhamisi karibu mji mzima ulikwenda kwenye ukumbi wa zamani wa zimamoto kuangalia filamu ya vichekesho. Fundi lifti mmoja anaangukiwa na bonge la barafu kutoka paani, anasahau kila kitu mpaka jina lake, anapanda basi, anashuka mwisho wa njia. Huko watu wanampa kazi ya kufua nguo na chumba cha kulala, wanakaa naye miezi miwili bila kumuuliza yeye ni nani, maana si adabu kumchimba mtu. Mwishoni mkewe anampata. Wanatazamana dakika nzima, halafu jamaa anasema, "Kahawa?" Basi, imeisha, taa zinawaka. Ukumbini hakucheka mtu. Profesa alikohoa mara mbili, na mama mmoja nyuma yangu akavua miwani akaifuta. Kwetu huko ndiko kuvunjika mbavu. Tulirudi nyumbani tukisema ni filamu nzuri kuliko zote za miaka kumi.

Ubishi ukawa mmoja tu: yule fundi lifti alisahau kweli, au alikuwa anajifanya?

Profesa alishikilia kwamba ni janja tupu. Eti mwanzo wa filamu jamaa anatia vipande viwili vya sukari kwenye kahawa, na baada ya kuangukiwa na barafu anatia viwili vilevile, sasa huyo amesahau nini? Hilkka, akiwa na birika mkononi na aproni yake ya bluu, akamwambia mikono haina uhusiano na kichwa. Mamake alisahau majina ya watoto wote saba lakini sufuria ya uji haikuungua hata siku moja. Profesa hakukubali. Akaja na hoja ya pili, kwamba mke ndiye aliyesahau na mume alimwonea haya kumwambia. Tukamwacha aendelee, kahawa ilikuwa bado ya moto. Akaja na ya tatu.

— Sikilizeni, mnajua nini? Yule alikufa palepale barafu ilipomwangukia. Yote yanayofuata ni ahera.

— Ahera ina mashine ya kufulia? Hilkka akamuuliza.

— Mmeona pale kwenye jengo alilopewa chumba? Majirani wanamsalimia ndani ya lifti. Wote wanne, na mmoja anamuuliza hali. Wapi duniani umewahi kuona hiyo?

Kwa kweli hapo alitubana. Mimi nimegawa barua katika mji huu miaka thelathini na moja, nimepanda lifti zake zote, na sijawahi kusalimiwa hata mara moja.

Aliyekuwa hasemi kitu ni Tauno. Alikaa mwisho wa benchi, kikombe kimepoa mkononi, anaangalia mlango wa mvukeni. Ndani kulikuwa na kaka yake, Arvi, ambaye tunamwita Redio kwa sababu akifungua mdomo mara moja kwa wiki tunashukuru. Nadhani umeshaelewa kwamba hatukuwa tunabishana habari za fundi lifti hata kidogo.

Sasa lazima nikueleze, maana bila hili hutatuelewa. Huku kaskazini kila ukoo una kinamasi chake cha hilla, yale matunda ya manjano yanayoiva mwisho wa Julai, na mahali kilipo hapatajwi. Si kwa jirani, si kwa kasisi. Baba yao Tauno na Arvi aliwapeleka vijana wake kwenye kinamasi chake mwaka ule alioanza kuugua, akawazungusha msituni kwa saa tatu ili hata wao wasiijue njia vizuri, na mkewe mwenyewe aliyeishi naye miaka arobaini alikufa hajui. Ndivyo inavyotakiwa. Basi, miaka kumi na moja iliyopita, Tauno akiwa amekunywa kidogo kwenye harusi, alimchorea shemeji yake ramani. Kwenye karatasi ya kufutia mikono. Shemeji hakuja peke yake, alikuja na chama kizima cha wapanda baiskeli wa kazini kwake. Arvi alipofika na ndoo zake mbili alikuta kinamasi kimekwanguliwa mpaka majani, na katikati kuna majivu ya moto na maganda ya soseji. Hakupiga kelele, hakugombana na mtu. Alirudi nyumbani akaacha kuongea na mdogo wake.

Na hawakuacha kuja sauna. Kila Jumamosi walikaa kwenye benchi hili hili, nafasi ya mtu mmoja kati yao, kimya. Sisi wenyewe tulikaa miaka minne bila kugundua kwamba hawasemezani. Ungetuambia nini, wote si tunakaa kimya? Ni Hilkka aliyeshtuka, siku Arvi alipomwomba amwombe Tauno amsogezee sukari.

Januari mwaka huu Arvi alipanda juu ya banda lake kuondoa theluji, akateleza, akaangukia kisogo. Hospitali walimweka wiki mbili. Alitoka anajijua jina, anaijua boti yake, ila miaka kama kumi na miwili hivi imemtoka. Aliuliza mbona kiwanda cha karatasi, ambacho kilishafungwa, hakitoi moshi, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumjibu. Jumamosi ya kwanza aliporudi hapa alikaa ubavuni kwa Tauno, bega kwa bega, akamwambia, "Nisogezee sukari, mdogo wangu." Tauno akasogeza. Halafu akaingia mvukeni akakaa humo muda mrefu mpaka Hilkka akagonga mlango kwa wasiwasi.

Tangu siku hiyo tulikubaliana kimyakimya tusimkumbushe. Wiki saba Tauno aliishi kama mtu aliyerudishiwa nyumba yake. Wakavua samaki pamoja kwenye barafu, wakatengeneza lile banda. Halafu ikaja filamu. Walikaa pamoja, safu ya nne. Na pale mke anapompata mumewe, wakati wanatazamana, Arvi aligeuka gizani akamtazama Tauno. Akamtazama muda mrefu, halafu akageukia tena filamu. Hiyo ndiyo iliyomnyima Tauno usingizi siku mbili.

Kwa hiyo Profesa alipokuwa anatayarisha hoja ya nne, iliyohusu pacha, Tauno akaweka kikombe chini.

— Ninyi mnabishana filamu, akasema. Mimi nataka kujua moja. Kama Arvi amesahau kweli, basi hajanisamehe. Hajui tu. Siku ikimrudia atahama hapa nilipokaa. Na kama anajifanya, basi amenisamehe tangu Februari na mimi sijui.

Sijawahi kumsikia Tauno akitoa maneno mengi namna hiyo. Profesa akakuna kidevu. Akasema dalili zote zinaonyesha kujifanya, kwa sababu Arvi bado anafunga kamba ya boti vilevile. Hilkka akamwambia we Profesa, hebu acha mikono ya watu. Mimi nikatoa wazo langu, na sijivunii, kwamba tumtege: mmoja wetu ataje hilla ghafla tukimwangalia usoni. Profesa akalipenda wazo akalizidisha, akataka tumtafute yule shemeji aje na baiskeli apite mbele ya sauna. Ikafika mahali tunapanga ni baiskeli ya rangi gani.

Kulikuwa na mtu wa tano pale nje siku ile. Binti mmoja anaitwa Mirva, amehamia hapa vuli iliyopita kufanya kazi duka la dawa, katokea Savo, ambako watu huongea hata na wasiowajua na hakuna anayewashangaa. Ilikuwa mara yake ya pili kuja sauna. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, kajifunga taulo kubwa, anakula mkate wa iliki wa Hilkka. Habari yote ya kinamasi tulikuwa tumemsimulia sisi wenyewe kwa zamu, tukikatizana. Alisubiri tukamaliza suala la baiskeli.

— Samahani baba Tauno, akasema. Hiyo miaka kumi na moja, ulishawahi kumwomba radhi?

Wote tukaangalia bahari.

Nataka unielewe, swali halikuwa baya. Ila hapa hatufanyi hivyo. Hapa ukimkosea mtu unamlimia bustani akiwa hayupo. Unamchongea mpini wa shoka unauegemeza mlangoni. Mimi mwenyewe nilipomvunjia jirani dirisha nilimpelekea barua zake kabla ya watu wote kwa mwaka mzima, na tukayamaliza. Nikajaribu kumweleza binti hilo. Tauno naye akasema, kwa sauti ndogo, kwamba kila vuli alimwachia Arvi samaki mlangoni. Mkubwa, ameshaparuliwa magamba.

— Sawa, Mirva akasema. Na huyo samaki alimwambia nini?

Hilkka alikuwa anamimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa tayari.

Mlango wa mvukeni ukafunguka, Arvi akatoka. Mwekundu, mvuke unamtoka mabegani. Akakaa pale pale anapokaa siku hizi, ubavuni kwa mdogo wake, akapokea kikombe, akatazama jua.

Tauno akasugua magoti yake kwa viganja. Aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa: akinyamaza, kaka yake anaye hapa, bega kwa bega. Akisema, huenda asiwe naye tena.

— Kaka, akasema.

Arvi akamgeukia.

— Kuna jambo nilikukosea zamani. Nililewa, nikamchorea shemeji ramani ya kinamasi cha baba. Walikuja wengi wakakimaliza chote. Wewe ukaacha kunisemesha miaka kumi na moja, na ulikuwa na haki. Sikukuomba radhi. Nakuomba leo.

Arvi alikunywa kahawa. Aliinywa yote, taratibu, kama ambavyo amekuwa akiinywa maisha yake yote, na mimi nilikuwa namtazama usoni kwa bidii kuliko nilivyowahi kumtazama mtu, natafuta alama yoyote. Sikuona kitu. Ndiyo shida ya kutafuta siri kwenye uso wa mtu wa hapa.

— Kinamasi kipi? akauliza.

Tauno akainamisha kichwa. Mirva naye alikuwa ameacha kutafuna.

— Cha baba, Tauno akasema. Tulikookota hilla tukiwa vijana.

— Sikikumbuki. Kiko wapi?

Miaka iliyomtoka ni kumi na miwili tu, na kinamasi kile alikijua tangu ujana. Tauno akatutazama sisi, mmoja mmoja, halafu akamrudia kaka yake. Alikuwa na machozi na hakujishughulisha kuyaficha. Akasema hajakanyaga huko tangu mwaka ule, hakuthubutu, lakini njia anaijua hata akifungwa macho, na Julai ikifika atampeleka.

Arvi akafikiri. Akamshika mdogo wake bega, akauacha mkono pale, jambo ambalo katika ukoo ule hufanyika kwenye mazishi tu. Halafu akamwinamia sikioni na kumnong'oneza, ila mtu aliyetoka mvukeni masikio yameziba na hujui sauti yako ilivyo kubwa, kwa hiyo tulisikia wote watano mpaka binti wa Savo:

— Tutakwenda wawili. Na safari hii usimchoree mtu.