Ofisi Yangu ya Nyasi

Ndugu zangu wa kikundi hiki cha maombi, wengi wenu mna digrii na hamna kazi, kwa hiyo sitawaeleza maana ya kuamka asubuhi bila mahali pa kwenda. Mimi huuliza maswali hata mahali pa kuitikia amina. Sitasema shetani alinishika. Nilidanganya mwenyewe, na kwa akili timamu.

Nilipomaliza chuo kikuu, serikali ilikuwa imeacha kuajiri. Mama, ambaye tuliishi naye mtaa wa Kamenu, Thika, alikuwa amewaambia wenzake wa kikundi cha akina mama kanisani kwamba mwanawe atakaa ofisini. Sikuweza kumwangusha. Nikamwambia nimepata kazi Nairobi, ila mshahara wa kwanza utakawia. Kila asubuhi nilivaa tai, mama akanifungia chakula, nikapanda matatu ya Nairobi, nikashuka njiani hapa Ruiru na kukaa uwanjani kando ya reli hadi jioni. Miezi mitatu, ndugu zangu. Nilijua ratiba ya treni kuliko mkuu wa stesheni.

Jumamosi moja jirani yangu alinivuta twende Thika mjini, kwenye ukumbi ambako wachekeshaji walipokezana jukwaa hadi usiku wa manane. Nilienda na tai yangu, kwa maana mwongo haachi sare. Sikujua kwamba akina mama wa kanisa ndio walioitwa kupika chai na mandazi.

Mchekeshaji wa mwisho alikuwa mtu wa mtaa wa mabanda wa Kiandutu, mchana hubeba mizigo sokoni. Desturi yake ilikuwa kumchagua mtu wa mbele na kumchambua. Akaniona.

"Wewe wa tai, saa hizi bado uko kazini?"

Jirani akanijibia kwa fahari kwamba mimi ni ofisa Nairobi.

"Basi, ofisa, panda hapa utuambie siku yako inaendaje."

Nikapewa maikrofoni. Nawaambia ukweli, nilitaka kuendelea kudanganya. Lakini sikuwahi kufanya kazi ofisini hata siku moja, na kichwa changu hakikupata hata meza ya kuanzia. Kilichokuja ni kile nilichokijua.

"Saa mbili nafika Ruiru," nikasema. "Nakaa kwa nyasi."

Watu wakacheka. Walidhani ni mchezo.

"Saa nne jua linanifikia, nahamia chini ya mti mkubwa zaidi. Hiyo ndiyo promosheni. Saa saba nakula chakula cha mama. Saa kumi na moja narudi nyumbani nimechoka kabisa, na mama ananipa pole."

Ukumbi ulikuwa unapiga meza. Hakuna hata neno moja nililobuni. Ndipo sauti niliyoifahamu ikatoka nyuma, kwenye birika za chai.

"Na hizo kishona nguo, nani huzitoa kwa suruali?"

Zile mbegu nyeusi za magugu, mnazijua zinavyong'ang'ania kitambaa. Mama alikuwa amesimama na kikombe mkononi, anacheka hadi machozi. Wenzake wa kanisa walimtazama, wakanitazama, kisha wakaelewa, nao wakaangua kicheko. Sijawahi kuaibika hivyo, wala kupumua vizuri hivyo.

Tulirudi kwa miguu, mimi nimebeba sufuria. Nikamuuliza alijua tangu lini. Wiki ya pili, akasema, tangu alipofua ile suruali ya kijivu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungejua najua, ungeenda wapi asubuhi?"

Nikahamishia sufuria bega la pili, mimi niliyesomea kujibu.

Jumatatu sikuvaa tai. Mmoja wa wale akina mama alinipeleka shule ndogo hapa Ruiru iliyokosa mwalimu wa hesabu, na ndipo nilipo. Namshukuru yeye, na jirani aliyenivuta, na yule mbeba mizigo aliyenipa jukwaa lake na kukaa chini kunisikiliza. Mama ana shukrani zake peke yake.

Kama ulikuwa mkono wa Mungu, bado nauliza. Ninaloweza kuwaambia ni dogo: kama kuna siri unamficha anayekufulia nguo, nenda nyumbani leo ukamwambie. Huenda anakungoja. Mimi siku hizi najifulia mwenyewe, ila mama bado hukagua suruali kabla hazijaanikwa.